Kadi ya Njano Mezani kwa Baba

4 Februari

Mdogo wangu,

"Mnamnyima Baba chai, mnamlisha vya kupondwa kama mtoto asiye na meno, halafu mnauita huo uuguzi. Mimi nauita kumzika mtu akiwa amekaa."

Hayo ni maneno yako, mstari wa tatu wa barua yako ya mwezi uliopita. Nimeyanakili yalivyo, nisije nikaambiwa nimekusingizia, na nitayajibu. Lakini wewe na mimi tulilelewa kutoa salamu kabla ya ngumi, kwa hiyo salamu kwanza. Hatujambo. Mpwa wako mkubwa amepata kazi kwenye duka la dawa. Mdogo wake bado anakula kuliko anavyosoma. Paa la jikoni lilivuja, fundi akaja, sasa linavuja upande wa pili. Wifi hajambo? Mwambie kitambaa alichonitumia nimeshonea gauni, na siku nikilivaa wanafunzi wangu wa historia wananisikiliza hadi kengele.

Sasa ngumi.

Baba anakunywa chai kila siku saa nne asubuhi, yenye tangawizi, na harufu yake inafika barabarani. Tofauti ni kwamba imetiwa unga wa kuizidishia uzito, hata inatiririka kama asali badala ya kukimbia. Kwa nini? Sikiliza, maana inaonekana hakuna aliyekueleza, au ulielezwa ukiwa unajiandaa kujibu. Shingoni mwa mtu kuna milango miwili jirani: wa pumzi na wa chakula. Kwako na kwangu, mlinzi hufunga mlango wa pumzi kabla hatujafikiri. Kile kiharusi cha Oktoba kimemchelewesha mlinzi wa Baba. Kinywaji chepesi kinampita mbio na kuingia mapafuni. Kizito kinakwenda kwa adabu, naye anakiwahi. Haya si maneno yangu. Ni ya mtaalamu wa hospitali aliyempima Baba kumeza, kijiko kwa kijiko, akiwa ameweka vidole vyake juu ya koo la Baba.

Na kuhusu kulishwa kama mtoto: ungemwona Bi Polepole akifanya kazi ungevua kofia. Ndiye mama anayekuja mchana nikiwa shuleni. Alipika miaka ishirini katika bweni la wasichana, na majirani wamempa jina hilo kwa kumcheka. Mimi nalitamka kama cheo. Anamketisha Baba wima kabisa, mto mmoja kiunoni, miguu yote miwili sakafuni. Anavuta kigoda na kukaa chini kidogo ya macho yake, ili Baba ainamishe kidevu kumtazama badala ya kuinua shingo. Kijiko cha chai, nusu tu. Halafu anatulia, anaangalia koo lipande, lishuke. Anamwachia ameze tena mara ya pili. Ndipo anachota kingine. Mdomoni mwa Baba kuna shavu la kulia lisilohisi, na chakula hujificha humo kama mwanafunzi mtoro. Bi Polepole hulikagua kabla ya kuondoa sahani. Mlo wa dakika arobaini, na sijamwona akitazama saa.

Baba naye amejitungia sheria zake. Aliyekuwa refa miaka thelathini hawezi kukaa mezani bila sheria. Mkono wa kushoto mbele: endelea. Kiganja juu: simama. Katikati ya sahani kuna mapumziko, halafu kipindi cha pili. Na kadi yake ya njano bado iko kwenye mfuko wa shati. Juzi nilimharakisha kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Akaichomoa! Maneno hayamtoki, lakini kadi ilitoka. Bi Polepole akasema, "Mwalimu, ya pili ni nyekundu, utoke nje ya jiko."

Huyo ndiye mtu uliyesema anazikwa. Wewe unayepima barabara, ukigombana na vibarua kwa tofauti ya unene wa ukucha, ndiye unayedharau kipimo cha kijiko?

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo, hata kama umenipiga kabla sijakaa. Sisi ni wazima. Wifi yako amecheka barua yako hadi akatokwa machozi, kisha akaisoma tena kwa sauti mbele ya watoto, kwa hiyo heshima yangu nyumbani imebaki kidogo. Kazi inaendelea. Tuna kilomita sitini za kupima na vumbi limeingia hata kwenye mswaki.

Nimesoma yote. Sikatai kwamba mtaalamu ana elimu yake. Lakini nawe kubali jambo moja: Baba alikimbia uwanjani dakika tisini huku watu elfu kumi wakimtukania mama yake, na hakurudi nyuma hatua moja. Mtu huyo leo apimiwe chai? Unasema kinywaji kama asali. Nimejaribu, Dada. Nilikoroga wanga kwenye chai yangu hapa kambini. Ni kama kunywa gundi. Mpishi wetu aliniuliza kama nataka kubandika picha.

Nyinyi wanawake wa nyumba hiyo mna huruma nyingi, na huruma ikizidi inakuwa kamba. Mtu akishikwa mkono kila hatua husahau kutembea. Nina likizo Aprili. Nitakuja niyaone mwenyewe hayo mapumziko na kipindi cha pili. Mwambie Bi Polepole sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na ule unga.

Mwambie Refa wetu nampigia saluti.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na wanao wamefanya mitihani vizuri. Hapa mvua zimekatika. Mpwa wako mdogo amevunja dirisha la jirani kwa mpira na akamwambia jirani eti damu ya soka imo ndani yake. Paa halivuji tena.

Nimechelewa kuandika. Kwenye simu nilikwambia Baba "amepata homa kidogo". Sasa kwa kuwa yuko nyumbani naweza kusema: haikuwa kidogo. Wewe uliondoka Jumapili jioni ya ile wiki yako ya likizo. Jumatano alianza kutetemeka. Alhamisi pumzi zake zilikuwa kama msumeno. Alilazwa siku tisa, mapafu, upande wa kulia. Usiku wa pili daktari aliniuliza kama kuna ndugu wa kuita. Sikukuita. Nilidhani nikikuita nitakuwa nimekubali.

Yuko hai. Amepungua kilo sita.

Sasa jambo zito. Shangazi amekuja, na unamjua dada yake Baba, akiingia nyumbani hata paka anakaa wima. Alitaka kujua nani alikuwa na mgonjwa ile Jumapili mchana. Nilikuwa shuleni, ingawa ni Jumapili, nasimamia mtihani wa marudio. Bi Polepole alikuwepo, ila alitoka nusu saa kwenda kwa mpwa wako, kwenye duka la dawa, kuchukua kopo jipya la unga. Shangazi akasema, "Kumbe alimwacha mgonjwa." Bi Polepole akainama, akajibu, "Ni kweli, Mama, nilitoka." Nilimtazama nikingoja aongeze. Hakuongeza. Shangazi amempa hadi mwisho wa mwezi.

Nimekuwa nikipanga vyombo tangu jana, kwa sababu mikono yangu ikikaa bure inatafuta ugomvi. Kichanjani nimekuta kile kikombe cha bati cha Baba, cha enzi zake za uwanjani, kimeoshwa na kuwekwa mdomo chini juu ya kitambaa. Sisi hapa huweka vikombe mdomo juu. Wanaoweka mdomo chini ni watu wa kambini, kwa ajili ya vumbi.

Ni hilo tu. Ulilala vizuri hapa Aprili? Kitanda kile kina chemchemi moja mbovu.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Pole kwa yote, pole sana. Watoto wamefaulu, mmoja kwa shida. Tumefika kilomita ya arobaini na moja. Kuna daraja linatusumbua, nguzo ya pili haikubali vipimo, nimerudia mara tatu.

Kitanda kilikuwa kizuri.

Mwambie Shangazi asiamue kwa haraka. Mtu akitoka nusu saa si kosa kubwa, na nadhani daktari angesema hata homa inaweza kuja yenyewe. Baba anakula sasa? Niandikie anakula nini.

Nina kazi nyingi. Nitaandika zaidi.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, wewe mzima, nguzo ya pili nayo naitakia uzima. Salamu zimekwisha.

Umeuliza Baba anakula nini. Anakula vijiko vinne. Siku njema, sita. Bi Polepole ameondoka tangu tarehe thelathini na moja. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya kigoda, akaniachia karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Naibandika ukutani lakini wewe nakunakilia:

"Akikohoa usimpigepige mgongo, mwache akohoe, yeye anajua. Akinyamaza sana ndipo uogope. Usimsemeshe akiwa na kitu mdomoni, ni mtu wa adabu, atataka kukujibu. Baada ya kula asilale nusu saa. Shavu la kulia. Mswaki hata kama hakula."

Nimesoma vitabu vingi vya wakubwa waliojiita watumishi wa watu. Sijasoma ukurasa wenye heshima kwa binadamu kama karatasi hiyo. *Ni mtu wa adabu, atataka kukujibu.* Mtu mwingine angeandika "mgonjwa asisemeshwe". Huyu alimwona Baba.

Sasa mchana anamlisha Shangazi. Anampenda kaka yake, sitasema vinginevyo. Lakini anasimama. Anasimama mbele yake kama mnara, kijiko cha mezani kimejaa, na anamsimulia mazishi ya watu. "Kula, kaka. Unamkumbuka yule kinyozi? Kafa. Fungua mdomo." Baba anainua shingo kumtazama, koo linafunguka mahali pasipotakiwa, anakohoa hadi anakuwa na rangi ya udongo. Alimpa kadi ya njano siku ya kwanza. Shangazi akaichukua, akaisoma pande zote mbili, akasema haina maandishi. Siku ya tatu Baba alifunga mdomo.

Na kuna jambo jingine, ambalo nimeliweka siku kumi na tisa. Siku ile Bi Polepole alipokuwa akiaga, Baba alichomoa kadi. Nikadhani anampa Shangazi. Hapana. Alijigonga nayo kifuani. Mara tatu. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto mbele, ile ishara yake ya *endelea*, na kuuelekeza kwenye picha yako iliyo juu ya redio, kisha akajigonga tena. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho moja, lile zima.

Shangazi akasema, "Anaumwa kifua, mleteeni dawa."

Mimi nilielewa. Miaka thelathini refa yule hakuwahi kumwonea mchezaji. Alikuwa anajipa kadi mwenyewe ili asiye na kosa asitolewe uwanjani, na hakuna mwingine aliyemtazama.

Sitakuuliza chochote. Wewe ni mpimaji. Pima.

Dada yako


3 Julai

Dada,

Shikamoo. Mpe na Shangazi shikamoo yake, halafu nakuomba umsomee barua hii kwa sauti, Baba akiwepo. Wifi yako ameisoma. Alisema niandike bila kuweka mapambo.

Jumapili ile Bi Polepole alipotoka, aliniambia, "Mwanangu, usimpe kitu hadi nirudi, hata akikuomba." Nikamjibu, "Sawa, Mama." Chupa ya chai yangu ya safari ilikuwa mezani. Baba aliitazama chupa, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono wake mbele. Endelea.

Dada, ulikuwa hujawahi kuniona nikifurahi hivyo. Nilijiona mimi peke yangu ndiye ninayemjua Baba, nyinyi wengine mnajua koo tu. Nilitoa kikombe chake cha bati, nikamimina chai nyepesi kama tulivyokunywa naye baada ya mechi, nikamshikia. Alikunywa chote. Hakukohoa hata mara moja. Nilisema moyoni, haya, dada yangu na unga wake! Nikaosha kikombe. Nikakiweka mdomo chini. Nikaondoka jioni ile nikiwa mshindi, na njia nzima nilikuwa natunga barua ya kukuumbua.

Hakukohoa. Sasa nimesoma karatasi ya yule mama: *akinyamaza sana ndipo uogope.* Chai ilikuwa inaingia mapafuni kimyakimya huku mimi nikitabasamu.

Nilipopata barua yako ya Mei nilijua papo hapo. Kuhusu daraja sikusema uongo, lakini nilikwenda kulipima mara tatu ili nisikae mezani na kalamu. Niliacha mwanamke aliyenionya abebe mzigo wangu. Nimekuwa nikiwakemea vibarua kwa kuficha kipimo kibaya, nami nilificha kibaya kuliko vyote.

Baba, kosa si lako. Wewe ulikuwa na kiu. Mwenye masikio yaliyoonywa nilikuwa mimi. Rudisha kadi mfukoni.

Shangazi, yule mama hakumwacha mgonjwa. Alimwacha kwa mwanawe. Hakujua kwamba ni kitu kimoja.

Mdogo wako


24 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na hii ya leo inatoka moyoni. Wote wazima. Salamu za wifi na watoto zimefika, pamoja na zile soksi za Baba. Ya kushoto ameivaa, ya kulia anaikagua bado.

Niliisoma barua yako kama ulivyoagiza. Shangazi alikuwa amesimama na kijiko. Nilipofika pale pa kikombe alikaa. Kwenye kigoda, mdogo wangu, Shangazi mwenyewe, magoti yakalia kama mlango mkavu. Nilipomaliza, Baba alirudisha kadi mfukoni na kufunga kifungo. Shangazi alichukua mtandio wake, akatoka, na baada ya saa moja nilimwona anarudi barabarani, Bi Polepole akiwa nyuma yake hatua mbili. Kwenye kizingiti Shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, "Nimekukosea. Sasa nionyeshe."

Bi Polepole hakudai hata neno la samahani zaidi. Alisema, "Kwanza vua viatu, Mama, ukae sawasawa. Kijiko hicho ni cha kuchotea mchuzi, sio cha kumlishia mtu."

Nilimgombeza baadaye. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia kunyamaza kwake kungeweza kumuua Baba. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasiosoma swali. "Mwalimu, siku ile ile ya kulazwa nilimwambia muuguzi kwamba amekunywa chai nyepesi. Nilisikia harufu ya chai nisiyompa mimi nilipompigisha mswaki Jumapili. Hospitali ilijua. Iliandikwa kwenye faili. Nyinyi ndio sikuwaambia. Mgonjwa lazima asemewe. Ndugu wa tumbo moja hawagombanishwi na mpishi." Nilikwenda kulitazama faili. Imo, mstari wa nne. Nilikuwa nimekaa nalo mapajani siku tisa.

Kwa hiyo tusigawane lawama, zitatutosha wote. Wewe ulificha kikombe, mimi nilikiona nikakitumia kama fumbo badala ya kukutaja kwa jina, na katikati yetu mwanamke aliyejua kila kitu alifanya kazi yake yote na akafukuzwa kwayo. Na bado kuna watu watasema kulisha ni mkono na kijiko tu!

Jana Baba alimaliza sahani. Vipindi vyote viwili, na dakika za nyongeza. Saa nne alikunywa chai yake kutoka kwenye kile kikombe cha bati, nzito, kijiko kwa kijiko. Kilo mbili zimerudi.

Basi hili nawaandikia wewe na ndugu zetu wawili walioko mbali, na nimeshatuma nakala kwao, mtakaokuja Desemba mkiwa na zawadi na maoni. Maoni yaacheni mlangoni. Atakayetaka kukaa na Baba mezani atanawa mikono, atavuta kigoda, atakaa chini ya macho yake na kufunga mdomo wake mwenyewe. Atakuwa mwanafunzi wa Bi Polepole siku tatu kabla ya kugusa kijiko, na atamwamkia shikamoo kila asubuhi. Wewe utakuwa wa kwanza. Baba ameuliza, alinyoosha mkono mbele kuelekea picha yako.

Chupa ya chai usije nayo. Njoo ujifunze kumlisha baba yako.

Dada yako